Kusafiri Nje ya Nchi Wakati wa Mlipuko wa Homa ya Mafua

Mnamo Juni 2009, mgonjwa wa kwanza wa homa ya H1N1 kuthibitishwa nchini Kenya alikuwa mwanafunzi aliyewasili kutoka Uingereza. Dalili za homa ya mafua huanza siku 1 hadi 4 baada ya kuambukizwa. Msafiri hupita uwanja wa ndege akijiona mzima, kisha akaugua nyumbani.

Kabla ya safari: Pata chanjo angalau wiki 2 mapema, kwani mwili huhitaji muda huo kujenga kinga. Wajawazito, wazee na wenye pumu au kisukari wamwone daktari kwanza. Ukiwa na homa, ahirisha safari.

Safarini: Nawa mikono kwa sabuni na ukohoe kwenye kiwiko, si kiganjani.

Ukirejea: Jichunguze kwa siku 4. Ukipata homa, kikohozi na maumivu ya mwili, vaa barakoa na ukae mbali na watoto wachanga na wazee. Nenda kituo cha afya mapema, ukaeleze ulikotoka. Dawa za kupambana na virusi hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 48. Usijinunulie antibiotiki; haziui virusi.

Zawadi ziwafikie jamaa, ugonjwa usiwafikie.