SOMO LA 14: NYOTA ZINAZOBADILIKA MWANGAZA

Usiku mmoja wa giza, Mwanaidi na Juma walikuwa wameketi ufukweni Kigombe pamoja na babu yao. Mbali baharini iling'aa karabai ya wavuvi wa dagaa. Baada ya muda mwangaza wake ulipungua, kisha ukarudi kama kwanza.

"Mafuta yanakwisha," alisema Juma.

"La, mjukuu wangu," alijibu babu. "Hizo ni mashua mbili, kila moja na taa yake. Kwa umbali huu tunaona taa moja tu. Chombo kimoja kikipita mbele ya kingine, taa ya nyuma huzibwa."

"Umejuaje, babu, nawe huzioni mashua zenyewe?" aliuliza Mwanaidi.

"Nimetazama kwa muda mrefu. Taa inayokwisha mafuta hairudi kuwaka kama mwanzo."

Wanasayansi huchunguza nyota kwa njia kama hiyo.

Nyota pacha

Baadhi ya nyota tuzionazo kama moja ni nyota mbili zinazozungukana. Hizo huitwa nyota pacha. Alfa Sentauri, iangazayo upande wa kusini, ni mfano mmoja. Katika darubini huonekana nyota mbili, nazo huzungukana mara moja kwa kila miaka 80 hivi.

Nyota pacha nyingine zimekaribiana mno hata darubini ya kawaida haiwezi kuzitenganisha. Hapo mwangaza ndio unaotufunulia siri. Nyota iitwayo Algol hufifia kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49. Mwaka 1783, John Goodricke, kijana kiziwi wa Uingereza mwenye umri wa miaka 18, alieleza kuwa huenda kuna kitu kinachoizunguka na kuiziba. Mwaka 1889 ilithibitishwa kwamba Algol ina mwenzake.

Uhuru

Tarehe 12 Desemba 1970, chombo cha Marekani kilirushwa angani kutoka jukwaa lililosimama baharini karibu na Malindi, katika pwani hii hii yetu. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilisherehekea uhuru wake, chombo kiliitwa Uhuru. Kazi yake ilikuwa kupima eksirei zitokazo kwenye nyota. Kilionyesha kwamba eksirei za Sentauri X-3 hutoweka kwa karibu nusu siku, kila baada ya siku 2 na saa 2 hivi. Nyota ndogo izitoayo hupita nyuma ya mwenzake aliye mkubwa.

Sababu nyingine

Si kila nyota inayofifia ina mwenzake wa kuiziba. Mnamo Februari 2020 nyota nyekundu Betelgeuse ilififia sana. Ilikuwa imetupa gesi nje. Gesi ikapoa ikawa vumbi, na vumbi likaziba sehemu ya mwanga wake. Baadaye mwangaza ulirudi.

Jambo la kufanya

1. Mwezi wa Januari, saa 2 usiku, tazama juu upande wa mashariki. Tafuta nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja.
2. Kaskazini mwa nyota hizo utaona Betelgeuse. Kusini yake ipo Rigel, nyota nyeupe. Ukifuata mstari wa zile nyota tatu kwenda juu, utafika kwenye Aldebaran.
3. Je, Betelgeuse inang'aa kuliko Rigel? Je, inang'aa kuliko Aldebaran? Usihesabu kumetameta kwake, kwani hiyo ni kazi ya hewa.
4. Andika tarehe, saa na jibu lako. Rudia kila juma kwa miezi mitatu.

Usiku wenye mawingu, andika "mawingu". Usikisie, wala usinakili daftari la mwenzako. Goodricke alihesabu siku za Algol kwa sababu aliandika alichokiona. Tarehe moja ya uongo ingemharibia hesabu yote.

Maswali

1. Babu alitambuaje kwamba karabai haikuwa ikiishiwa mafuta?
2. Nyota pacha ni nini?
3. Kwa nini eksirei za Sentauri X-3 hutoweka na kurudi?
4. Taja sababu mbili zinazoweza kuifanya nyota ififie.
5. Juma hakutazama nyota juma lililopita. Aandike nini katika daftari lake?