Usipike Data! Vidokezo 8 vya Kumaliza Uhandisi Ukiwa na Jina Safi

Mitihani ya UE iko mlangoni, ripoti mbili za maabara hazijaguswa, boom la mkopo limekata tangu wiki iliyopita, na kwenye kundi la WhatsApp la darasa kuna mtu keshatuma desa la mwaka jana lenye majibu yote. Kishawishi hicho kiko mkononi! Tulia kwanza. Kusoma uhandisi kwa uaminifu kunawezekana hata kwa mtu mwenye haraka kama wewe, na mbinu nyingi hapa chini hazizidi dakika tano. Kesho kuna familia zitakazolala chini ya slabu uliyoisaini bila kukuomba hesabu. Basi tuanze mazoezi mapema, hukuhuku chuoni.

1. Namba uliyoiona ndiyo unayoandika

Siku 28 zimetimia, mko maabara mnavunja vipande vya zege vya milimita 150. Mlilenga newtoni 25 kwa milimita ya mraba. Kipande cha kwanza kinatoa 27, cha pili 26, cha tatu kinapasuka kwenye 17. Hapo ndipo mwenzenu anapoinamia daftari na kunong'ona: "Andika 25, twende tukale."

Usiandike! Hiyo 17 ndiyo yenye maksi. Rudi kwenye karatasi ya uzito. Kipande cha ukubwa huo cha zege la kawaida huwa na kilo 8 na kidogo. Kama chenu kilisoma 7.4, basi kina matundu ya hewa ndani. Aliyekishindilia alichoka mapema. Kama uzito uko sawa, jiulize: nyuso zake zilikaa vizuri kwenye mashine? Kilikaa kwenye tangi la maji siku zote, au kuna wikiendi kilisahauliwa juani? Tayari una aya nzima ya mjadala ambayo mwenye 25, 25 na 25 hawezi kuiandika, maana hana cha kujadili.

Mbinu yenyewe: andika vipimo kwa wino, papo hapo, kwenye daftari na si kwenye kiganja. Ukikosea, piga mstari mmoja ili namba ya zamani isomeke, andika mpya pembeni na uweke sahihi. Kabla ya kutoka, piga picha ukurasa huo. Ripoti ukiiandika saa sita usiku, picha itakukinga na kishawishi cha kurekebisha rekebisha. Mhadhiri aliyesahihisha ripoti kwa miaka mingi huitambua data iliyopikwa kwa sababu imenyooka mno.

2. Jadilini pamoja, andika peke yako

Kusaidiana ruksa, kudesa marufuku. Mpaka uko wapi? Kwenye ubao. Kaeni pamoja, choreni, bishaneni, mtatue swali. Halafu futeni ubao, kila mtu aende akapate chai, na baada ya nusu saa kila mmoja aandike suluhisho lake bila picha ya ubao kwenye simu. Ukikwama mstari wa tatu, umegundua mahali usipoelewa wakati bado una muda wa kuuliza. Na wale wa kuandaa vibomu vya mtihani, muda wa kuandika herufi za kufinyana vile ungetosha kumaliza mtihani mzima wa miaka ya nyuma.

3. Kazi ya kikundi si orodha ya majina

Tunawafahamu: mmoja alichora, mmoja alipiga hesabu, wa tatu alinunua bando, wa nne alionekana siku ya kuwasilisha akiwa amenyoosha shati. Siku ya kwanza kabisa, tengenezeni jedwali la safu tatu: jina, sehemu yake, tarehe ya kumaliza. Libandikeni mwisho wa ripoti likiwa limejazwa kweli. Aliyepata dharura hasemwi vibaya, anapewa kazi ndogo inayolingana na hali yake, na inaandikwa hivyohivyo.

4. Akili mnemba ikusaidie, isikusomee

Muulize mhadhiri kabla ya kuanza: kwenye kazi hii, inaruhusiwa? Kwa kiasi gani? Swali la sekunde kumi linaepusha kikao kirefu mbele ya kamati ya nidhamu. Ukiruhusiwa, sema wazi kwenye ripoti umeitumia wapi. Fungua kila kitabu na kila makala iliyokutajia, kwa kuwa programu hizi hutunga marejeo yasiyokuwepo na kuyapa hadi majina ya waandishi. Mtihani wa mwisho ni huu: funga kompyuta, eleza kila mstari kwa mdomo. Ulipobabaika, hapo si pako bado.

Hata programu za kuchanganua miundo uzikague kwa mkono. Boriti rahisi ya mita 6 yenye mzigo wa kilonewtoni 20 kwa kila mita: zidisha 20 kwa 36, gawanya kwa 8, unapata kilonewtoni-mita 90. Skrini ikikuletea 900, kuna sifuri imezidi mahali, na umeikamata kwa kipande cha karatasi!

5. Mchoro ukibadilika, hesabu zirudiwe

Tarehe 17 Julai 1981, jijini Kansas City, Marekani, watu walijaa kwenye ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency wakicheza dansi. Vivuko viwili vya ndani vilivyoning'inizwa kutoka darini viliwaangukia. Watu 114 walifariki.

Kisa chake kila mwanafunzi wa uhandisi anapaswa kukijua. Michoro ya awali ilionyesha fimbo ndefu za chuma, kila moja ikishuka moja kwa moja kutoka dari hadi kivuko cha chini, na kila kivuko kikikaa kwenye nati zake. Ili kurahisisha utengenezaji, kila fimbo ikagawanywa mbili: moja kutoka dari hadi kivuko cha juu, nyingine kutoka kivuko cha juu hadi cha chini. Kwenye karatasi ni badiliko la kalamu tu. Lakini sasa kivuko cha chini kilikuwa kinaning'inia kwenye kile cha juu, na nati za kivuko cha juu zikabeba mzigo maradufu. Badiliko likapita bila hesabu mpya. Wahandisi waliohusika na usanifu huo walinyang'anywa leseni zao katika jimbo la Missouri.

Kwenye mradi wako wa mwaka wa nne, tenga ukurasa mmoja wa mabadiliko: nini kimebadilika, nani kakubali, hesabu ipi imerudiwa. Safu ya tatu ikiwa tupu, usisonge mbele.

6. Umekosea? Sema leo

William LeMessurier alisimamia usanifu wa muundo wa jengo la Citicorp, New York, lenye ghorofa 59. Mwaka 1978, jengo likiwa tayari linatumika, maswali kutoka kwa mwanafunzi yalimrudisha kwenye hesabu zake. (Umesikia? Mwanafunzi! Usidharau maswali yako.) Akaona kwamba upepo unaopiga jengo kwenye pembe ulikuwa hatari kuliko ilivyodhaniwa, hasa kwa kuwa viungo vilivyotakiwa kuchomelewa vilifungwa kwa bolti. Aliwaeleza wenye jengo, na wachomeleaji wakaviimarisha viungo usiku baada ya usiku. Kuungama huko kunastahili heshima kubwa. Ila waliokaa na kufanya kazi eneo lile hawakuambiwa. Habari ilitoka hadharani mwaka 1995 tu, na kwa maoni yangu hapo alipungukiwa.

Wewe anza na makosa madogo. Ukigundua hesabu ya ripoti uliyokwisha kukusanya ina kosa, andika ujumbe wa sentensi tatu: kosa liko ukurasa huu, jibu sahihi ni hili, linaathiri hiki. Utapoteza maksi chache. Mhadhiri hatakusahau, na siku ya kuomba barua ya mapendekezo utajua faida yake.

7. Fildi: jaza daftari kila jioni

Daftari la mafunzo linalojazwa lote usiku wa mwisho linajulikana tu, wino mmoja na mwandiko mmoja kutoka wiki ya kwanza hadi ya nane. Mistari mitatu kila jioni inatosha: nimefanya nini, nimeona nini, nimeuliza nini. Usichokiona usikiandike, hata kama msimamizi yuko tayari kusaini.

Na utaona mengi. Zege limekuwa zito, fundi anaongeza ndoo ya maji ili limwagike kirahisi. Maji yakizidi, nguvu ya zege inashuka, hilo umelisoma. Lakini fundi ana umri wa baba yako na wewe una wiki mbili saiti. Ufanyeje? Anza na heshima: "Shikamoo fundi. Naomba nielimishwe, maji ya mchanganyiko huu tumepangiwa kiasi gani?" Mara nyingi swali peke yake linairudisha ndoo chini. Lisiporudisha, mwone mhandisi wa saiti siku hiyohiyo, kisha andika saa, sehemu na ulichokiona. Si umbea huo, ndugu yangu, ni kulinda uhai. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Saiti ni mahali pa watu kuuliza kwa sauti.

8. Weka jibu la bahasha tayari

Hela ya soda huwa haitangazi ujio wake. Inakuja na tabasamu, unapotakiwa kusaini kwamba nondo za milimita 16 zimefungwa ilhali umehesabu za 12. Ukisubiri siku hiyo ndipo utafute maneno, utababaika. Jifunze sasa sentensi moja na uizoee mdomoni: "Nashukuru sana mzee, lakini nitasaini nilichopima tu." Isemee kioo ikibidi! Akisisitiza, mjulishe msimamizi wako. Na ukiwa Tanzania, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bila malipo kwa namba 113.

Kisha zijue kanuni zitakazokubana ukihitimu. Tanzania kuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi, Kenya kuna Engineers Board of Kenya, na zote zina mamlaka ya kumfutia usajili anayekiuka maadili. Kwa Tanzania utaanza kama mhandisi mhitimu, na kupitia mpango wa mafunzo kazini uitwao SEAP utafanya kazi chini ya mhandisi mzoefu kwa miaka mitatu ukiandika taarifa za kazi zako hatua kwa hatua. Pakua kanuni za maadili usiku huu ukiwa bado na bando, na usome kifungu kimoja kila Jumapili. Daftari lako la fildi nalo lihifadhi. Taarifa za SEAP zinahitaji mkono uliokwisha kuzoea kuandika kila jioni.