Jalada la fedha lisikiue kitabu

Ukirithi kitabu cha sala chenye jalada la fedha, usikisugue kwanza. Hapa Bugarama, Ngara, mkono hukimbilia majivu, kama tunavyosugua sufuria. Fedha ni laini, majivu huila nakshi, na maji ya kusuuzia huzama kwenye ngozi na karatasi.

Nakshi hiyo ndiyo habari yenyewe. Wayahudi wa Italia, karne ya 18, walimpa bibi harusi kitabu cha sala chenye jalada la fedha, wakati mwingine lenye nembo za koo mbili zinazooana. Vitabu hivyo ni nadra Ngara, lakini Biblia ya babu yenye vifungo vya madini inataka mkono uleule.

Kitazame kwenye mwanga wa asubuhi. Tafuta alama ndogo zilizogongwa: 925 au 800 ni kiasi cha fedha katika elfu, 84 ya Urusi ya kale ni 84 kati ya 96, yaani 875. Sumaku ikinata, kuna chuma. Isiponata hujapata jibu bado, maana shaba nayo hainati. Ukikuta mwaka kwa herufi za Kiebrania, jumlisha thamani za herufi; kama maelfu hayakuandikwa, ongeza 1240: 500 ni 1740 hivi. Ukikwama, piga picha uwatumie wanaokisoma Kiebrania. Sinagogi la Nairobi lipo tangu miaka ya 1910, na Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa Uganda, wako karibu na Mbale.

Weusi wa fedha huletwa na salfa: moshi wa koroboi, mpira, sufu, hata mayai. Kwa hiyo usikifunge kwa mpira wala usikiweke jikoni. Ingiza karatasi nene kati ya jalada na kurasa, kisha futa taratibu kwa pamba kavu. Weusi uliojificha ndani ya nakshi uache, ndio unaoonyesha mchoro.

Kinachovunja mgongo wa kitabu ni uzito wa jalada. Kifungue kwa mikono miwili, kila upande uegemee kanga iliyokunjwa. Kihifadhi kimelala, kwenye kitambaa cha pamba kilichofuliwa, mbali na ukuta unaovuja masika na njia ya mchwa.

Akija mnunuzi anayetaka kubandua fedha aipime kwa gramu na kukuachia karatasi, mkatalie. Karatasi nayo ina heshima yake: Wayahudi hawachomi kurasa zenye jina la Mungu. Zikichakaa huzikwa makaburini.