Tambi za pakiti zenye rojo na pilipili: angalia moto wako

Wadogo zangu, leo tukae jikoni, maana swali hili mnaniuliza sana, hasa nyie mlio hosteli na mliopanga chumba kimoja chenye jiko dogo la gesi pembeni ya kitanda. Mnataka tambi za pakiti, zile tunazoziita indomie bila kujali kampuni, ziwe na rojo zito na laini linaloshika kila uzi, na pilipili ya kutoa jasho. Mkijaribu, maziwa yanakatika, jibini linakuwa donge linalong'ang'ania mwiko, na pilipili inachoma koo bila kuleta ladha yoyote.

Nawajibu moja kwa moja. Rojo laini linataka mafuta, wanga na moto mdogo. Mafuta mnayo. Wanga umo ndani ya tambi zenyewe. Kinachowaangusha ni moto: mnatia maziwa, yai au jibini wakati sufuria inatokota kwa nguvu, na kwa moto huo hakuna hata kimoja kitakachobaki laini.

Tuzielewe tambi kwanza. Tangu Momofuku Ando alipoingiza za kwake sokoni Japani mwaka 1958, nyingi hutengenezwa kwa kupikwa na mvuke kisha kukaangwa kwenye mafuta. Zikikaangwa, maji yaliyomo hutoka kwa kasi na kuacha vitundu vidogo vidogo, na vitundu hivyo ndivyo vinavyonywa maji yako na kuzilainisha kwa dakika chache tu. Yale mafuta unayoyaona yakielea juu ya maji ni ya kukaangia, mara nyingi ya mawese. Si nta. Uvumi wa nta nimeusikia hata kwa watu wazima ninaowaheshimu, na ningependa uishie kwetu hapa.

Kwa kuwa zimeshapikwa kiwandani, hazihitaji maji mengi. Kwa pakiti ya gramu 70, kikombe kimoja na nusu kinatosha. Ziepue mapema kidogo, dakika moja hivi kabla ya muda ulioandikwa, zikiwa bado na ugumu katikati, kwa sababu zitamalizia kuiva ndani ya rojo. Na maji yake, tafadhali, usiyamwage yote! Weka pembeni nusu kikombe. Yamechukua wanga wa tambi, na wanga huo ndio unaosaidia mafuta na maji vishikane badala ya kila kimoja kwenda njia yake. Kampuni ya Samyang ya Korea Kusini, iliyoanza kuuza tambi kali za Buldak mwaka 2012, inaelekeza hivyo hivyo kwenye pakiti yake: chemsha, mwaga maji ubakize kama vijiko 8, tia sosi, koroga motoni kwa sekunde 30. Video nyingi za tambi kali mnazozitazama zimeanzia kwenye pakiti hizo. Bei yake madukani kwetu mnaijua, ndiyo maana nataka mjue kutengeneza ladha ya namna hiyo kwa vitu vya sokoni.

Sasa pilipili. Kinachowasha ndani yake kinaitwa kapsaisini, nacho huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Ukiikatia pilipili kwenye maji yanayochemka, ukali unabaki vipande vipande: tonge hili halina kitu, linalofuata linakutoa machozi. Ukiikaanga polepole kwenye mafuta, ukali unasambaa na harufu inatoka. Basi anza hivi: vijiko 2 vya chakula vya mafuta, moto mdogo, punje 3 za kitunguu saumu zilizopondwa, kipande cha tangawizi kilichotwangwa, halafu pilipili. Koroga mpaka kitunguu saumu kianze kubadilika rangi. Kisiwe cha kahawia, kitakuwa kichungu. Hapo ndipo utie kijiko kidogo cha unga wa pilipili nyekundu ukiupenda, na uepue papo hapo, kwa sababu unga huungua upesi sana. Fungua dirisha na mlango kabla hujaanza. Moshi wa pilipili kwenye chumba kimoja utawakohoza hata majirani.

Pilipili ipi? Pilipili mbuzi, mimi nasema hivyo bila kusita. Ina harufu nzuri inayokaa vizuri na maziwa na nazi, wakati pilipili kichaa inaleta zaidi ukali wenyewe. Lakini heshimuni nguvu yake. Ni jamii moja na habanero, ambayo kwa kipimo cha Scoville kilichobuniwa mwaka 1912 hufika kati ya 100,000 na 350,000, wakati halapenyo ya Meksiko huwa kati ya 2,500 na 8,000. Nusu ya pilipili mbuzi inatosha sufuria ya mtu mmoja. Ukitaka kupunguza ukali, usihangaike na mbegu peke yake. Ukali umejaa kwenye ile nyama nyeupe iliyoshika mbegu, kwa hiyo ikwangue yote. Baada ya kukata, jipake mafuta ya kula mikononi, kisha nawa kwa sabuni, na usiguse macho. Wanaovaa lenzi wazivae kabla ya kuingia jikoni.

Na msishindane. Mwezi Juni 2024 Denmark iliamuru aina 3 za Buldak ziondolewe madukani kwa kuhofia wingi wa kapsaisini, hasa kwa watoto. Baadhi zilirudishwa baadaye, lakini hoja ni kwamba mamlaka ya chakula ya nchi nzima iliona ukali huo si mchezo. Ukizidiwa, maji hayatakusaidia. Kunywa maziwa au mtindi, kwa sababu protini ya maziwa huikamata kapsaisini na kuiondoa mdomoni. Ndiyo sababu pia rojo la maziwa na pilipili vinapendana: unapata ukali mwingi bila kuteseka.

Tufike kwenye maziwa. Maziwa peke yake yakichemka hayakatiki, yanafurika tu. Yanakatika yakikutana na asidi kwenye moto mkali, na chumvi nyingi huzidisha. Kwa hiyo ukikaanga nyanya mbili kisha ukamimina maziwa yakiwa yanatokota, utapata maji na chembechembe nyeupe. Nyanya na maziwa muwe mnavitenganisha. Tangawizi nayo ina mambo yake, na wapika chai mnayajua: ikitiwa mbichi kwenye maziwa ya moto, maziwa yanakatika. Ina kimeng'enya kinachogandisha protini ya maziwa, na moto wa kutosha hukiharibu. Ndiyo maana nimewaambia muikaange kwanza, kama mnavyoichemsha kwanza na maji ya chai.

Maziwa freshi ya kupimiwa mtaani yachemshe kabisa kabla ya kuyapeleka kokote, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu. Yakishapoa kidogo, chukua nusu kikombe. Kama huna, vijiko 3 vya maziwa ya unga vilivyokorogwa kwanza na maji ya baridi vinafanya kazi nzuri, na kusema kweli huleta uzito zaidi. Ukiutupa unga mkavu kwenye maji ya moto utapata madonge, na hayo hayatoki tena. Rudisha tambi kwenye mafuta yako ya pilipili, mimina yale maji ya wanga, acha yatokote kwa sekunde chache yapungue, punguza moto mpaka mwisho, ndipo umimine maziwa huku unakoroga. Ukiona povu la kutokota linataka kuanza, epua. Kwa wanaotumia mkaa, usisubiri moto upungue, epua sufuria kabisa na ukorogee chini. Joto lililobaki linatosha.

Jibini lina sheria hiyo hiyo kwa ukali zaidi. Likipata moto mkubwa, protini yake hujikaza na kusukuma mafuta nje, ndipo unapopata uzi mgumu juu na mafuta chini. Likwaruze, litie sufuria ikiwa imeshaepuliwa, koroga. Yale ya vipande vilivyofungwa kimoja kimoja huyeyuka vizuri zaidi kwa sababu kiwandani hutiwa chumvi maalumu zinazozuia mafuta yasijitenge. Kipande kimoja kwa pakiti moja, basi. Kama bajeti haikubali jibini, kijiko cha siagi ya karanga kinakupa uzito na ladha ambayo binafsi naipenda kuliko jibini. Kilegeze kwanza kwenye bakuli kwa yale maji ya moto ya wanga. Mwanzoni kitakaza, ongeza maji kidogo kidogo, kitalainika.

Wapo wanaopenda njia ya yai. Ndani ya bakuli koroga kiini kimoja, kijiko cha mayonezi, kitunguu saumu kilichopondwa na nusu ya masala ya pakiti, kisha mimina maji ya moto ya tambi tone kwa tone huku mkono haupumziki. Kiini cha yai huanza kuganda kwenye nyuzijoto 65 hivi, kwa hiyo ukiyamwaga maji yote kwa pamoja utapata mayai ya kuvuruga. Ukienda taratibu, utapata mchuzi wa rangi ya dhahabu, mzito, unaoteleza. Nawaomba jambo moja: yai la namna hiyo halijaiva vya kutosha. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mgonjwa wasile njia hii. Wao wapikieni ya maziwa, au ya tui.

Tui la nazi sasa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwangu hakuna rojo la tambi linaloifikia nazi. Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa kupika kitu kizito chenye pilipili. Kuna samaki wa kupaka, kuna kamba wa nazi, na tambi za pakiti zinaingia humo bila shida yoyote. Wamalesia nao wana laksa, supu ya tambi ambayo aina zake nyingi hupikwa kwa tui na pilipili, kwa hiyo wazo hili halina ugeni. Nazi moja inatoa tui zito na tui jepesi. Ikune nazi yako kwenye mbuzi, kamua tui zito kwa maji kidogo ya vuguvugu, liweke pembeni. Ongeza maji, kamua tui jepesi. Sasa badala ya kuchemsha tambi kwa maji matupu, zichemshe ndani ya tui jepesi pamoja na ule mkaango wako wa pilipili, kitunguu saumu na tangawizi, ukiongeza manjano robo kijiko cha chai na bizari nyembamba kidogo. Zikikaribia kuiva na maji yakiwa yamepungua, punguza moto, mimina tui zito. Koroga bila kuacha, upande mmoja, mpaka lianze kutoa mvuke. Ukiliacha litokote ovyo bila kukoroga litakatika, na bibi yako angekwambia vivyo hivyo. Uzuri wa tui ni kwamba linavumilia nyanya kuliko maziwa, na linakubali ndimu. Ndimu ikamulie mwisho, sufuria ikiwa imeshaepuliwa.

Tui la boksi au la kopo linafaa pia. Litikise kwanza, kwa sababu mafuta hupanda juu.

Juu yake weka unachokipata: dagaa wa kukaanga, kuku wa jana, mchicha uliotiwa dakika ya mwisho, karoti. Nisichokubali ni kula tambi na rojo tupu na kuita huo ni mlo wa siku. Tia mboga na kitu cha protini, hata yai la kuchemsha.

Limebaki la chumvi, na hili nalisema kama dada yenu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na miligramu 2,000 za sodiamu. Geuza pakiti yako, tafuta neno sodiamu, utaona kwamba nyingi zinachukua karibu nusu ya kiwango hicho au zaidi kwa mlo mmoja, na sehemu kubwa imo kwenye kile kipakiti cha masala. Tumia nusu yake. Ukishakaanga pilipili na kitunguu saumu vizuri, na rojo lako lina nazi au maziwa, hutaikumbuka ile nusu nyingine, na usiongeze chumvi kabla hujaonja. Mwenye shinikizo la damu nyumbani, mpikie bila masala ya pakiti kabisa, utie viungo vyako mwenyewe.

Mwenye vidonda vya tumbo naye ana haki ya kula tambi nzuri: fuata njia ya tui, acha pilipili, kitunguu saumu kiwe kidogo. Na kama kuna mtoto mezani, mkaango wa pilipili ufanye kwenye sufuria nyingine, mpakulie za kwake kwanza, kisha changanya zako. Kuleni zikiwa za moto, kwa sababu tambi zinaendelea kunywa rojo kila dakika zinapokaa.