Kabla Hujailaumu Diski

Probox iliyosheheni kreti za maembe ikiteremka kutoka milima ya Mbooni hufika chini breki zikinuka. Kesho yake usukani unatetemeka kila dereva akikanyaga pedali, na fundi wa kwanza anatoa hukumu bila kufungua gurudumu: diski imepinda, nunua nyingine. Kuna siku fundi huyo atakuwa amesema kweli, lakini diski nyingi husingiziwa.

Anza na mtetemo wenyewe. Ukiusikia mikononi, tatizo liko mbele. Ukiusikia kwenye kiti, kagua nyuma, na Probox za zamani huko nyuma zina ngoma, si diski. Gari likitetemeka hata hujagusa breki, kagua tairi na balansi kwanza.

Hiyo inayoitwa diski iliyopinda, aghalabu ni diski ambayo unene wake haulingani. Tofauti ya milimita 0.02 tu yatosha kuutikisa usukani. Chanzo kimoja ni kuteremka mlima mrefu kwa breki pekee, kisha kusimama chini mguu ukiwa bado umekandamiza pedali: pedi ya moto huacha alama pale ilipobana. Teremka kwa gia ndogo, na ukisimama, achia pedali na uzuie tairi kwa jiwe. Chanzo kingine ni nati zilizokazwa kwa pupa, moja sana na nyingine kidogo, au kutu iliyobaki kwenye habu diski ilipofungwa. Brashi ya waya huimaliza kutu hiyo kwa dakika chache.

Fundi na apime. Diski nyingi zimeandikwa ukingoni MIN TH pamoja na milimita, yaani unene wa mwisho unaoruhusiwa. Kama bado ni nene, ipelekwe kwa mwenye mashine ya kukereza vyuma ilainishwe, mradi baada ya kukerezwa isishuke chini ya kipimo hicho. Ikishuka, itupwe.

Upande wa Kitui, kwenye njia za vumbi za Mutomo na Ikutha, mchanga ndio adui. Huchora mifereji kwenye diski. Pitisha ukucha, gari likiwa limepoa: ukikwama waziwazi, diski inahitaji kupimwa. Lakini ukisikia mlio mkali ulioanza ghafla baada ya barabara ya changarawe, usinunue chochote. Huenda ni kijiwe kilichonaswa kati ya diski na bati la kuzuia vumbi. Kitoe. Na wale mafundi wanaokata bati hilo ili "lisisumbue" wanaikaribisha changarawe nyingine.

Mlio wa chuma kusaga chuma ni jambo jingine kabisa. Pedi imekwisha, usiendelee na safari. Badilisha pedi inapobaki milimita 3.

Gari likivutwa upande mmoja ukifunga breki, endesha kidogo, simama, usogeze kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa. Gurudumu la mbele lililo moto kuliko mwenzake linaonyesha kalipa imekwama. Pini zake zisafishwe na kupakwa grisi ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira.

Pedali ikilegea mteremkoni, diski haina hatia hata kidogo. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishafyonza unyevu yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Mvua zikianza, usiingize magurudumu ya moto kwenye maji ya drifti. Ngoja yapoe, na ukishavuka kanyaga breki kidogo kidogo zikauke.

Ikibidi kununua, diski za ekseli moja hubadilishwa zote mbili, na pedi mpya juu yake. Fundi akikushauri ubadilishe moja tu, mshukuru, kisha tafuta mwingine.