Unanunua vitu vya kale ugenini? Maswali yote yaishe kabla ya PIN

Wateja wetu wengi siku hizi wanasafiri. Kuna anayeenda London kumwona mtoto anayesoma huko, kuna aliyetumwa kikazi, na kuna anayeenda kupumzika tu. Wikendi ikifika, mwenyeji anawapeleka sokoni. Si supamaketi, ni soko la vitu vya kale: meza zimepangwa barabarani, zimejaa vijiko vya fedha, saa za ukutani, ramani zilizogeuka manjano, postikadi, medali za vita na vikombe vya chai vya nyanya ya mtu.

Kama umezoea Gikomba au Toi, mazingira si mageni. Unachakura, unauliza bei, unashusha, unajifanya unaenda zako. Lakini kuna tofauti. Shati la mitumba likiwa na tundu, umepoteza mia mbili. Kijiko ulichoambiwa ni cha fedha, kumbe kimepakwa tu, kinaweza kukula elfu kumi, na muuzaji umemwacha karibu kilomita 7,000 nyuma yako.

Somo la leo ni hili: kwenye soko la aina hii, nguvu yako yote iko kabla ya kulipa. Ukishaweka PIN, kilichobaki ni kubembeleza. Tutatumia London kama mfano, na tutauliza maswali matatu: hiki ni kitu gani, kimetoka wapi, na pesa yangu inapita wapi?

Kwanza, jua soko na siku yake

Portobello Road, mtaa wa Notting Hill, ndilo maarufu zaidi. Siku yake ya vitu vya kale ni Jumamosi. Ukienda katikati ya wiki utakuta zaidi matunda, mboga na nguo. Bermondsey, kusini mwa mto Thames, ni Ijumaa, na huanza mapema sana, saa kumi na mbili asubuhi. Wanaofika alfajiri wengi ni wafanyabiashara wanaonunua ili wakauze kwingine, kwa hivyo ukilala hadi saa nne, usishangae vile vizuri vimeshaenda. Camden Passage huwa Jumatano na Jumamosi, na licha ya jina, haiko Camden Town, iko Islington.

Pia kuna masoko ya uwanjani ambapo watu wa kawaida wanauza vitu vya nyumbani kutoka buti ya gari. Huko bei iko chini, lakini na kinga yako iko chini. Sheria ya Uingereza ya haki za watumiaji ya 2015 inamtaka mfanyabiashara auze kitu kinacholingana na maelezo yake na chenye ubora wa kuridhisha. Mtu binafsi anayeondoa vitu gereji kwake habanwi hivyo kuhusu ubora. Na hata kwa mfanyabiashara, kitu ulichokishika na kukinunua mezani huwezi kukirudisha kwa sababu tu umebadilisha mawazo.

Swali la 1: Hiki ni kitu gani?

Tuanze na fedha, kwa sababu ndiyo inayowavuta wengi. Uingereza ina utaratibu wa zamani sana wa kugonga mihuri midogo kwenye vitu vya fedha na dhahabu. Sheria yake ya kwanza ni ya mwaka 1300. Geuza kijiko, tazama nyuma ya mpini. Simba anayetembea au namba 925 ina maana ni fedha ya asilimia 92.5. Kando yake kuna alama ya mji ulikopimwa: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, ngome ni Edinburgh. Sheffield ilikuwa taji, na tangu 1975 ni ua la waridi. Kuna pia herufi ya mwaka.

Sasa ukiona herufi EPNS, simama hapo. Hiyo ni metali nyingine iliyopakwa fedha juu. Si kitu kibaya, unaweza kukipenda na ukakinunua, ila usilipe bei ya fedha.

Kwa ramani na picha za zamani, beba kioo kidogo cha kukuza. Ukitazama karibu na kuona vinukta vingi vya rangi vilivyopangwa kama wavu, hiyo ni chapa ya mashine ya kisasa, hata kama karatasi imezeeshwa. Picha iliyochapwa kwa bamba la shaba mara nyingi huacha alama ya mbonyeo kuzunguka pembe zake; pitisha kidole taratibu. Ramani za Afrika Mashariki na postikadi za Mombasa na Zanzibar hupatikana kwenye meza hizo, na Mkenya akiziona moyo unaruka. Muuzaji naye anaona uso wako. Tulia kwanza.

Sikiliza pia maneno. Kiti "cha enzi ya Victoria" kilitengenezwa kati ya 1837 na 1901. Kiti "cha mtindo wa Victoria" kinaweza kuwa kimetengenezwa juzi. Neno moja, na bei mbili tofauti.

Swali la 2: Kimetoka wapi?

Swali hili watu hulikwepa wakiona ni kama kumtukana muuzaji. Si matusi. Muuzaji wa kweli amezoea kuulizwa, na mara nyingi anafurahia kueleza.

Sababu ya kuuliza ni ya pesa kabisa. Zamani Uingereza ilikuwa na sheria ya ajabu kidogo: katika masoko fulani, Bermondsey likiwemo, mtu aliyenunua kwa nia njema kati ya macheo na machweo alikuwa mwenye mali halali, hata kama kitu kilikuwa cha wizi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1995. Leo ukinunua kitu cha wizi, kwa kawaida mwenyewe akijitokeza anaweza kukidai, nawe ubaki ukimtafuta aliyekuuzia. Jina na risiti ndizo zitakazokusaidia kumpata.

Sisi Wakenya tunalijua jambo hili kutoka upande wa pili. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za kuwakumbuka wazee waliofariki, viling'olewa vijijini huko Pwani, vikauzwa kama mapambo na kuishia kwenye majumba ya makumbusho Marekani. Baadhi vimerudishwa baada ya miaka mingi. Kila mkono vilimopitia kulikuwa na mnunuzi aliyelipa bila kuuliza. Ukikuta kwenye meza kitu kinachofanana na mali ya kaburi, ya ibada au ya ukoo, kutoka kwetu au kwingine, na muuzaji hana maelezo, kiache.

Halafu kuna pembe za ndovu. Hapa hatuna utani. Vishikio vya visu, bangili, vitufe vya kinanda na sanamu ndogo za pembe zimejaa katika vitu vya kale vya Ulaya. Sheria ya pembe za ndovu ya Uingereza, iliyoanza kazi Juni 2022, inakataza kuziuza na kuzinunua isipokuwa vitu vichache vilivyosajiliwa au kupewa cheti. Na huku nyumbani ndiko kubaya zaidi: Kenya iliteketeza tani 105 za pembe za ndovu Aprili 2016, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ina adhabu kali. "Lakini ni ya zamani" haitakuokoa pale JKIA. Usinunue, hata kama bei ni ya kutupa.

Swali la 3: Pesa yangu inapita wapi?

Namba ya till haiko Portobello, kwa hivyo jipange ungali Nairobi.

*Laini na kadi.* Hakikisha laini yako inafanya kazi ukiwa nje, maana ujumbe wa uthibitisho wa malipo unakuja huko huko. Kumbuka kadi nyingi za kidijitali zilizounganishwa na akaunti ya simu ni za kulipia mtandaoni. Mwenye meza anayetaka uguse mashine anahitaji kadi ya mkononi au simu iliyowezeshwa. Ijaribu hapa kabla hujapanda ndege, na weka humo kiasi cha matumizi ya siku hiyo tu.

*Pauni au shilingi?* Ukilipa kwa kadi, mashine inaweza kukuuliza kama unataka kulipa kwa shilingi za Kenya. Inaonekana ni huruma, lakini kiwango anachopanga ni mwenye huduma ya mashine, na mara nyingi kiko juu. Tuseme pauni ni shilingi 170 siku hiyo, na kikombe ni pauni 60. Hiyo ni shilingi 10,200. Mashine ikikuonyesha 10,800, mia sita imeenda kabla hata hujafunga kikombe kwenye gazeti. Chagua pauni, kisha linganisha ada ya kadi yako.

*Pesa taslimu.* Wengi bado wanaipenda, na ndiyo hukupa nafasi nzuri ya kushusha bei. Lakini hesabu chenji yako. Noti za karatasi za Uingereza hazitumiki tena madukani: za pauni 20 na 50 ziliondolewa mwisho wa Septemba 2022, na zile za 5 na 10 kabla ya hapo. Za sasa ni za plastiki, na zenye picha ya Malkia Elizabeth bado ni halali sawa na za Mfalme Charles. Ukirudishiwa ya karatasi, irudishe papo hapo.

*Kutuma kwa akaunti ya mtu.* Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Muuzaji anakwambia kabati ni kubwa, tuma pesa yote sasa kwa akaunti ya mpwa wake, atakusafirishia hadi Mombasa. Ukilipa kwa kadi na mzigo usifike, unaweza kuwasilisha malalamiko kwa aliyekupa kadi. Ukimtumia mtu moja kwa moja, umempa pesa mkononi. Hata hapa kwetu, ombi la kurudishiwa pesa limewekwa kwa aliyekosea namba, si kwa aliyejuta baada ya kununua.

Risiti ni sehemu ya bidhaa

Omba risiti iandikwe jina la muuzaji na biashara yake, tarehe, bei, na maelezo ya kitu: "kijiko cha fedha, Birmingham" badala ya "kijiko" tu. Piga picha ya kitu kikiwa bado mezani, na ya mihuri yake. Risiti hiyo ndiyo utamwonyesha afisa wa forodha ukirudi, ndiyo itakayokutetea ukidanganywa, na ndiyo itakayosaidia kitu kiuzwe siku moja. Usikubali kuandikiwa bei ya uongo ili ukwepe ushuru; ukigundulika, mwenye kosa ni wewe.

Kabla hujaweka PIN, jiulize:

1. Nimeona muhuri au alama kwa macho yangu, au nimeambiwa tu?
2. Muuzaji amenieleza kitu hiki amekipata wapi?
3. Je, kina pembe ya ndovu, au sehemu ya mnyama nisiyoijua?
4. Mashine inaonyesha pauni, na kiasi ni kile tulichokubaliana?
5. Pesa inaenda kwa biashara hii, au kwa mtu mwingine nisiyemwona?
6. Risiti iko mkononi?

Jibu moja likikosekana, rudisha kitu mezani, shukuru, tembea hatua kumi. Meza ni nyingi. Na mara nyingi utasikia unaitwa urudi, bei ikiwa imeshuka.

Jambo la mwisho: ukiwa safarini, ukapigiwa simu na mtu anayesema ni sisi, eti malipo yako ya London yamekwama na anahitaji PIN yako ayafungue, kata simu. Sisi hatuulizi PIN ya mteja, uwe Kisumu au Bermondsey.

Safari njema, na uchakure vizuri.