Gati Binafsi Ziwani: Haki ya Mwenye Ploti Inaishia Wapi

Hati ya ploti iliyo kando ya ziwa haimpi mwenyewe hata futi moja ya maji. Nchini Kenya, Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inayaweka maziwa katika orodha ya ardhi ya umma. Serikali ya kitaifa huyashikilia kwa amana ya wananchi, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo huyasimamia. Ibara hiyo inaongeza kwamba ardhi ya umma haitatolewa wala kutumiwa ila kwa masharti ya sheria iliyopitishwa na Bunge. Kwa hiyo anayetaka gati la kuegeshea mashua yake, awe Naivasha, Kisumu au Homa Bay, anajenga juu ya mali ya Wakenya wote. Anachoweza kuomba ni ruhusa ya kutumia. Umiliki wa maji hauuzwi.

Kati ya ploti na maji kuna ukanda wa ufuo unaolindwa kisheria, na hapo ndipo wanunuzi wengi huumia. Ukanda huo haupimwi kutoka ukingo wa maji wa siku ya kununua. Hupimwa kwa kuzingatia mahali maji yalipowahi kupanda. Ziwa Naivasha linaonyesha sababu yake. Halina mto unaotoka ndani yake juu ya ardhi, na kina chake hubadilika sana mwaka hata mwaka. Mwaka 2009 lilikuwa limenywea vibaya. Mwaka 2020 lilifurika hadi ndani ya nyumba za mtaa wa Kihoto. Aliyenunua wakati wa ukame akaona nyasi kavu kuelekea majini, alikuwa akitazama sakafu ya ziwa. Kabla ya fundi kuitwa, saveya aliyesajiliwa anapaswa kuonyesha vigingi vya ploti viko wapi na ufuo unaanzia wapi, na upekuzi ufanywe katika ofisi ya ardhi. Hati yenyewe si kinga kamili: Ibara ya 40 ya Katiba, inayolinda mali ya mtu, hailindi mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria.

Sheria inayogusa gati moja kwa moja ni ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999. Kifungu cha 42 kinakataza mtu kusimika, kubadilisha, kurefusha, kuondoa au kubomoa jengo lolote ndani ya ziwa bila idhini ya maandishi ya Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), idhini inayotolewa baada ya tathmini ya athari kwa mazingira. Kuchimba sakafu ya ziwa na kumwaga kitu humo kumo katika katazo hilo hilo. Maneno hayo ni mapana kuliko watu wanavyodhani: anayerefusha gati alilolikuta, au anayeling'oa, anahitaji idhini sawa na anayejenga upya. Ripoti ya tathmini huandaliwa na mtaalamu mwenye leseni ya NEMA. Barua ya chifu haichukui nafasi yake, wala makubaliano ya mdomo na wazee wa ufuo.

NEMA si mlango wa pekee. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka kila mwenye mradi wa ujenzi kupata kibali cha kaunti kwanza. Anayeanza bila kibali hicho anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili. Mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, sheria huchukulia kwamba kaunti imekubali. Kimya hicho cha kaunti, hata hivyo, hakiifungi mikono NEMA. Mamlaka ya Rasilimali za Maji nayo iulizwe mapema, maana maji yana sheria yake ya mwaka 2016. Mashua itakayofungwa hapo, hasa ikibeba abiria kwa malipo, huandikishwa na kukaguliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya.

Umbo la gati lina uzito mkubwa katika tathmini. Gati la nguzo, au la kuelea, huacha maji na samaki wapite chini yake, na la kuelea hupanda na kushuka pamoja na ziwa. Gati la mawe na kifusi ni tuta: huziba mkondo, hunasa gugumaji, na huua mafunjo ambamo samaki huzaana. Naivasha ni ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu 1995, na viboko wake hutoka majini usiku kwenda malishoni, hivyo ukuta wa kuwakata njia ni hatari kwa mwenye gati na kwa majirani zake.

Kibali hakimpi mwenye gati mamlaka ya kufukuza wavuvi kwenye maji yanayolizunguka. Anaweza kuzuia watu kupita ndani ya ploti yake. Ziwani hana mamlaka hayo. Mvuvi au jirani anayeona gati linaharibu mazingira anaweza kwenda mahakamani chini ya Ibara ya 70, tena bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye au mtu mwingine amepata hasara. Hii ni haki kubwa, na inafaa kujulikana katika kila mwalo. NEMA kwa upande wake inaweza kutoa amri ya kumtaka aliyeharibu ufuo aurejeshe katika hali yake.

Anayenyimwa kibali ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi, kwa mujibu wa Ibara ya 47. Rufaa dhidi ya kaunti hupelekwa kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti ndani ya siku 14, na kutoka hapo kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Rufaa dhidi ya NEMA huenda kwa Mahakama Maalumu ya Kitaifa ya Mazingira ndani ya siku 60, na mlango huo uko wazi pia kwa jirani asiyeridhika na leseni iliyotolewa.

Anayenunua ploti yenye gati tayari adai leseni ya mazingira pamoja na hati. Leseni hiyo inaweza kuhamishwa, lakini muuzaji na mnunuzi wanapaswa kumjulisha Mkurugenzi Mkuu wa NEMA kwa pamoja, kwa maandishi, ndani ya siku 30 tangu uhamisho. Wasipofanya hivyo, sheria itaendelea kumhesabu yule aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye mradi.